Mpira Uliogusa Nyasi

Mnaniita mstaafu, nami sikatai, ingawa sijawahi kuandika barua ya kustaafu. Magoti ndiyo yaliyoniandikia. Asubuhi moja kambini niliinama kufunga kamba za viatu, nikabaki huko chini nikitazama siafu, mpaka mwenzangu mmoja akaja kuninyanyua. Siku hiyo hiyo nikaaga. Sasa nalima mahindi Kwaluguru, na kila Jumamosi napanda bodaboda mpaka Korogwe kuwafundisha nyinyi mabinti kriketi, na kabla sijavua kofia mmeshanizunguka na maswali.

Swali lenu kubwa ni hili: Bi Zaina, kwenye timu ya taifa ulikuwa unarusha au unapiga? Nilifanya vyote viwili, wanangu. Mtu wa namna hiyo tunamwita olraunda. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye makosa mengi kama mimi. Ukiharibu kwenye kupiga, unakwenda kuomba radhi kwenye kurusha. Ukiharibu kwenye kurusha, unajitupa chini kudaka. Ukiharibu vyote vitatu, unachelewa kutoka bafuni mpaka basi liko tayari kuondoka.

Kwa ajili ya mama zenu, ambao najua watayasoma haya kabla yenu, nieleze mchezo kwa kifupi. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo. Nyuma ya anayepiga kuna vijiti vitatu vimesimamishwa. Mpigaji akiupiga hukimbia kujipatia pointi, yaani mikimbio, na ukivuka kamba ya mpaka anapata nyingi kwa mkupuo. Mpira ukiangusha vijiti, mpigaji ametoka. Akiupiga, akadakwa kabla mpira haujagusa ardhi, ametoka pia. Shikeni hilo la kugusa ardhi, maana ndilo lililoninyima raha mwaka mzima.

Kutupa nilijifunza shambani kwa baba, nikifukuza nyani kwenye mahindi. Nilikuwa na shabaha nzuri. Nyani wa Kwaluguru walinifahamu, na dume lao kubwa lilikuwa likiniona linahamia shamba la jirani bila ubishi. Basi nilipokwenda sekondari Korogwe, nikasikia kuna mchezo wa kutupa kitu kwa nguvu kumwelekea mtu na hakuna anayekukanya, nikajua nimefika kwangu.

Aliyeuleta mchezo huo shuleni ni mama mmoja wa Bangladeshi, jina lake Shirin. Alikuwa ameichezea timu ya taifa ya kwao miaka mingi, olraunda naye, kabla ya kumfuata mumewe, mhandisi wa mradi wa maji, wakapanga nyumba hapa mjini. Alikuja getini na ndala miguuni, kitambaa kirefu begani na mfuko mkubwa wa kamba, na mlinzi akamwambia siku ya kuwauzia walimu nguo ni Ijumaa.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu wa kandanda, kifua mbele. Alimwambia Shirin, kwa heshima lakini akitutazama sisi kwa pembe ya jicho, kwamba huu mchezo wa vijiti anaona ni wa watu waliochoka. Shirin akampa gongo. Akamwomba tu auguse mpira. Kisha akaja hatua tatu polepole, kama mtu anayekwenda kuchota maji, akauachia. Mpira ukadunda mbali na mguu wa mwalimu, akanyoosha gongo kuufuata, ukakata kona, ukaangusha vijiti. Mwalimu akasema jua lilimwingia machoni. Wakageuzana, jua likawa mgongoni kwake. Vijiti vikaanguka tena. Mara ya tatu mwalimu alilalamikia shimo. Mara ya nne alitutuma darasani, na hakukuwa na kipindi.

Shirin alituambia tumwite Apa. Kwao ni dada mkubwa. Kwetu, mnajua wenyewe, apa ni amri ya kula kiapo. Watu wa barabarani waliposikia wasichana wanapiga kelele "Apa, Apa" kila jioni, walidhani shule ina mwizi ambaye hataki kukiri.

Siku yangu ya kwanza nilirusha kama ninavyomrushia nyani. Vijiti vikaruka vyote vitatu. Nikageuka kusubiri sifa.

"Nzuri sana," Apa akasema. "Lakini ni haramu."

"Haramu kwa nini, na vijiti vimeanguka?"

Akanishika kiwiko. "Hii imekunjwa. Kwenye kriketi, mkono inakuja imenyooka. Ukikunja, unatupa jiwe. Mimi nataka kurusha mpira."

Kiswahili chake kilikuwa hivyo, mkono inakuja na miguu unakwenda, lakini hatukuwahi kushindwa kumwelewa. Alinifunga rula ya mbao kwenye kiwiko kwa kipande cha khanga, akaniambia nikae nayo mazoezi yote. Nilikaa nayo wiki tatu. Siku ya ugeni wa wazazi nilisalimiana na mkuu wa shule mkono ukiwa umenyooka kama mlingoti wa mkonge, akanishika kwa upole akanipa pole ya ajali. Nyinyi leo mnajirekodi kwa simu, mnajiangalia polepole, mnaona kosa. Ni vizuri. Ila nawaambia, rula haina haja ya chaji.

Magongo nayo tulichonga hapa hapa. Fundi mmoja wa vitanda alipewa picha, akatengeneza la kwanza kwa mninga. Zuri, limeng'aa, na zito kama mlango wa msikiti. Ukilinyanyua, mpira ulikuwa umeshapita, umesharudi. Apa akamwomba apunguze uzito. Akaleta la pili, jembamba, duara mbele. Eliwaza alilishika akasema hili ni mwiko wa ugali na yeye yuko tayari, sufuria iko wapi.

Eliwaza ni Msambaa, kwao njia ya kupanda Lushoto. Alikuwa mdaka nyuma ya vijiti, yule anayevaa glavu kubwa na kuchuchumaa nyuma ya mpigaji. Tulianza pamoja shuleni, tukaitwa timu ya taifa pamoja, na huko akafanywa nahodha kwa sababu alikuwa na uso ambao waamuzi wanauamini. Kizigua changu na Kisambaa chake vinaelewana vizuri, kwa hiyo uwanjani tulikuwa na siri ya bure. Mimi najiandaa kurusha, yeye ananielekeza kwa lugha ya kwao: huyu mguu wake wa mbele mzito, mpe mpira mfupi, udunde mbali naye. Mpigaji anasikia, anadhani tunasalimiana.

Tuliringa na siri hiyo mpaka siku tuliyocheza na timu moja ya Dar. Eliwaza akaniambia kwa lugha yetu kwamba binti huyu anapiga amefumba macho, mletee mpira wa kuzunguka. Nikamletea. Akaupiga ukavuka kamba ya mpaka, ukaenda kwenye magari. Kisha akamgeukia Eliwaza, akamjibu kwa Kizigua kilichonyooka kuliko changu.

Eliwaza akasimama wima. "Umekijulia wapi?"

"Bibi yangu wa Kwedizinga ndiye aliyenilea," akasema. "Na macho siyafumbi. Yana makengeza tu."

Tangu hapo tukajifunza kutumia vidole.

Sasa niwaambie lile ambalo halipo kwenye picha zangu za ukutani.

Ilikuwa mechi ya kufuzu, tunacheza nyumbani, dhidi ya majirani zetu wa kaskazini. Atakayeshinda anapanda ndege kwenda mashindano makubwa ng'ambo. Kati yetu wachache sana walikuwa wamewahi kupanda ndege. Majirani walikuwa na mpigaji mmoja, Achieng, mrefu, mpole, na ukimwacha nusu saa anamaliza mechi peke yake. Mapema kabisa Eliwaza alipiga kelele kwamba Achieng ameuchubua mpira kwa gongo na yeye ameudaka nyuma. Mwamuzi akakataa. Achieng akabaki anakwangua ardhi kwa ncha ya gongo, mtulivu kama mtu anayepalilia bustani. Kisha akaendelea kutupiga.

Tukafika mwisho. Wanahitaji mikimbio michache, Achieng bado yupo, mpira ninao mimi. Nikarusha mpira wa polepole. Akaupiga moja kwa moja kunirudishia, chini sana, mkono wa kulia. Nikajitupa. Mpira ukaingia kiganjani, nikabiringika, nikainuka nimeunyanyua juu.

Uwanja mzima ukalipuka. Mimi peke yangu nilikuwa nimesikia. Mpira ukidakwa safi, unasikia sauti moja, pa, ngozi kwa ngozi. Ule ulikuwa na sauti mbili. Kwanza nyasi, kidogo sana, kama mtu aliyesema "shh". Halafu kiganja.

Mwamuzi alikuwa nyuma yangu, mgongo wangu umemziba. Mwenzake wa pembeni alitikisa kichwa, hakuona. Wakati huo hatukuwa na kamera za kurudia. Mwamuzi akanijia.

"Umeudaka?"

Wanangu, nilikuwa na muda wa kutosha. Watu wakisimulia uongo wao husema ulinitoka tu. Wangu haukunitoka tu. Nilimtazama Achieng, nikawatazama wenzangu wanarukaruka, nikafikiria ndege, tena nikafikiria kiti cha dirishani.

"Nimeudaka," nikasema.

Achieng akaweka gongo kwapani, akaondoka. Tukashinda. Nikapewa kikombe cha mchezaji bora wa siku, na ndege nikapanda, dirishani, na mawingu nikayaona. Ni mazuri. Ila huko ng'ambo kila aliyenipiga picha nilimwona kama mpelelezi.

Adhabu yenyewe ilinisubiri nyumbani. Baba yangu mwanzoni hakuukubali mchezo huu, mpaka aliposikia una mapumziko ya chai. "Mchezo unaosimama watu wakanywa chai," alisema, "ni mchezo wa watu wazima." Basi kile kikombe alikiweka sebuleni, katikati ya maua ya plastiki, na kila mgeni aliyepita Kwaluguru alisimuliwa nilivyodaka. Mwanzoni baba aliniacha nidake chini, kama ilivyokuwa. Mwezi wa pili nikawa nadaka kiunoni. Kabla ya mavuno nilikuwa naruka juu ya kichwa cha mwamuzi, na mwamuzi mwenyewe anavua kofia. Mimi nimekaa pembeni namenya mihogo, kisu kinanikata vidole.

Nikaenda Korogwe kwa Apa. Alikuwa anaanika nguo.

"Shikamoo, Apa."

"Marahaba, Zaina. Hebu nisimulie ule mpira ya mwisho. Sikuwepo, na baba yako amenisimulia kwa simu, lakini yeye anasema uliruka juu ya mtu."

Nikamsimulia. Nilisimulia vizuri, mikono juu, mikono chini. Akatundika shati, akabana vibanio viwili.

"Ilikuwa na sauti gani?"

"Pa," nikasema.

"Moja?"

Nikainama kuokota kibanio kilichoanguka. Akachukua nguo nyingine, akaikung'uta, akanitazama.

"Zaina. Moja?"

"Mbili, Apa."

Nilitegemea kufukuzwa. Apa akakaa kwenye ngazi, akanisogezea ndoo niikalie.

"Kwetu," akasema, "siku moja nilidaka mpira safi kabisa. Safi kama hii shuka. Mwamuzi akaniuliza, nikasema nimedaka. Hakuamini. Mpigaji hakuamini. Kwa sababu mechi iliyopita, rafiki yangu alidanganya. Mimi nilisema ukweli na nikaitwa mwizi mbele ya mama yangu." Akaweka sawa kitambaa begani. "Rafiki yangu hakuwahi kuniomba radhi. Nilimsubiri sana. Mpaka leo tukionana kwenye harusi, tunazungumza habari za wali."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi hukunikosea. Mwambie yule msichana."

Ilinichukua siku nne kupata namba ya Achieng, na siku nyingine tisa kuipiga. Aliposhika simu, nilimsalimu mpaka salamu zikaisha. Nikamuuliza hali ya mvua kwao. Mwisho nikasema, "Dada Achieng, ule mpira uligusa nyasi."

Nikasikia kuku kwa mbali upande wake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Nilikuona uso. Uso wa mtu aliyedaka haumtazami mwamuzi, unatazama mpira. Wewe ulimtazama mwamuzi."

"Mbona hukunilalamikia?"

Akakohoa. "Zaina, unakumbuka mwanzoni, nahodha wako alivyopiga kelele nyuma yangu?"

"Nakumbuka. Mwamuzi alikataa."

"Niliuchubua. Gongo lilinitetemeka mpaka kwenye bega. Nikainama nikaanza kukwangua ardhi, namwomba Mungu mwamuzi asinitazame mikono."

Niliketi chini, simu sikioni. Mwaka karibu mzima nilikuwa nimembeba mtu huyu kichwani kama shahidi aliyeonewa, kumbe yeye mwenyewe alikuwa ametoka kitambo kabla ya uongo wangu. Tulicheka mpaka salio langu likakata. Akapiga yeye. Tukakubaliana kwamba tukikutana tena, kila mmoja atasema la kwake.

Nikaenda na kwa baba nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kile kikombe kwa kona ya shuka.

"Wageni hawajaniuliza habari za nyasi," akasema.

Na jioni ile akamsimulia muuza dawa za mifugo, nami nikaruka juu ya kichwa cha mwamuzi kama kawaida.

Mwaka uliofuata tukapangiwa majirani wale wale, mechi ya kufuzu vile vile, safari hii kwao. Msifikiri mtu akishatubu anakuwa mwepesi. Usiku wa kuamkia mechi niliomba Achieng aumwe tumbo, si sana, kiasi cha siku moja. Hakuumwa. Wakahitaji mikimbio michache, yupo yeye, na Eliwaza akanirushia mimi mpira.

Nikarusha. Achieng akaupiga, chini, kulia. Nikajitupa, nikaubeba, nikabiringika. Shh. Pa.

Wenzangu walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Mwamuzi akanijia, mtu mwingine kabisa, lakini swali lile lile.

"Umeudaka?"

Nilimtazama Achieng. Alikuwa amesimama, ameegemea gongo, ananisubiri tu. Eliwaza nyuma yake alikuwa ameshavua glavu moja.

"Uligusa," nikasema.

Mwamuzi akaniuliza tena, nadhani hakuwahi kusikia jibu hilo. Nikarudia. Kelele za wenzangu zikakatika moja moja. Eliwaza akavaa glavu yake taratibu, kidole kwa kidole, bila kuniangalia.

Achieng aliupiga mpira uliofuata ukavuka kamba. Na uliofuata. Mechi ikaisha. Akaja akanikumbatia.

"Asante, Zaina."

"Ungenionea huruma hata mpira mmoja."

"Huruma hatukukubaliana," akasema. "Tulikubaliana ukweli."

Safari ya kurudi kwa basi ilikuwa ndefu kuliko ramani. Tulikaa kiti kimoja, mimi na Eliwaza, na tangu mpakani hakunisemesha. Kocha alikuwa mbele, kofia usoni. Binti mmoja nyuma alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wangependa nao kuona mawingu. Alikuwa na haki, na mimi mawingu nilikuwa nimeshayaona.

Mombo basi lilisimama watu wapate chakula. Eliwaza akashuka. Akarudi na hindi la kuchoma, akalivunja mara mbili, akaniwekea nusu mapajani. Tukala mpaka akafika kwenye gunzi.

"Nina swali," akasema.

"Uliza."

"Ule wa mwaka jana. Uligusa?"

"Uligusa."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Niliuona. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yako, hakuna aliyeona vizuri kama mimi."

"Uliona? Na wewe ndiye nahodha. Kanuni zilikuruhusu kumrudisha Achieng kabla hajavuka kamba ya mpaka. Mbona hukusema?"

Eliwaza akatupa gunzi dirishani, akajifuta mikono kwenye suruali ya timu.

"Nilitaka kupanda ndege," akasema.

Kwanza nilicheka mimi. Kisha yeye. Yule binti wa nyuma akauliza tunacheka nini na tumefungwa, tukashindwa kumweleza, na mpaka Korogwe tulikuwa tukitazamana tu tunaanza upya.

Apa alikuwa stendi, kitambaa begani, alishapata matokeo kwa simu. Tukamwamkia. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho: mpira, swali la mwamuzi, jibu langu, Achieng, kila kitu. Nilipomaliza nilisimama vizuri, mgongo umenyooka. Siwafichi, nilikuwa nasubiri kusifiwa.

Apa alifikiri.

"Mwaka jana, mpira ilikuja chini, mkono ya kulia."

"Ndiyo, Apa."

"Mwaka huu, chini, mkono ya kulia."

"Ndiyo."

"Na mara mbili imegusa nyasi."

"Mara mbili, Apa."

Akachukua begi langu, akaliweka begani kwake.

"Basi shida yako siyo uongo tena," akasema. "Hujui kudaka. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, uwanjani."